Marais wa Njia ya Nizwa

Mimi ni mhitimu wa masomo ya jioni, na huwa nalisema hilo kabla mtu hajamaliza kunisalimia. Sekondari niliimaliza nikiwa na watoto walionipita kimo, katika darasa la watu wazima hapa Ibra, sisi kina mama watupu, wanene kwa wembamba, juu ya madawati ya watoto yaliyokuwa yakilia kila tukikaa. Kutoka hapo nikaingia chuo cha jioni Nizwa kusoma tarehe, yaani historia, na siasa za dunia. Ukitaka kujua nilipata alama gani, nitakwambia walimu walivua miwani, wakaifuta, wakaivaa tena, na bado hawakuamini. Mtu mwingine usimwulize.

Leseni ya gari sina. Mtihani wake niliufeli mara nyingi hata askari anayetahini akawa ananiulizia habari za watoto wangu mmoja mmoja. Mume wangu kazi yake ni ya zamu, jioni huwezi kumtegemea. Aliyejitolea kunipeleka ni kaka yangu, anayenifuata kwa juu, mtu aliyestaafu serikalini na kufungua duka la vifaa vya umeme Nizwa.

"Mimi huko naenda kila siku," aliniambia. "Wewe utakuwa mzigo kama mizigo mingine. Tofauti yako unasema."

Nilimpenda kwa maneno yale, na zaidi kwa kitendo, kwa sababu walikuwako wanaume katika ukoo wetu waliouliza mwanamke wa umri wangu shahada ataitundika wapi, jikoni? Yeye aliwajibu kwamba itatundikwa dukani kwake, ukutani, juu ya feni zote, ili kila mteja aione kabla ya kuuliza bei. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena.

Basi tulikuwa tukitoka Ibra baada ya Alasiri, tunapita Mudhaibi, tunaingia majabali, na njia nzima mimi namrudilia somo la wiki iliyopita. Ndivyo ninavyodurusu, kitu nisipokisema kwa sauti hakikai. Na mwaka ule mwalimu wetu, Msudani mrefu, mpole, mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto, alishika jambo moja na hakuliachia: cheo cha urais wa Marekani, namna kilivyoanza chembamba na namna kilivyonenepa. Kwa hiyo njia ya Nizwa, kwangu mimi, imejaa marais. Kila kona yuko wake.

"Walipoiandika katiba yao," nilimwambia kaka mara ya kwanza, "walikuwa wametoka kupigana na mfalme, hata harufu yake hawaitaki. Mlango wa kwanza, mrefu, wakaandika habari za Bunge. Rais wakamtia mlango wa pili, mfupi, kama mtu aliyekaribishwa majlisi, chumba cha wageni, akaonyeshwa pa kukaa penye viatu."

"Penye viatu," kaka akacheka. "Masikini."

"Halafu wakabishana wamwite nani. Wengine walitaka aitwe Mtukufu, Mlinzi wa hiki na kile, jina refu kama gari moshi. Mwisho wakasema, Bwana Rais, khalas."

"Kama bwana mwenye duka."

"Kama wewe."

Jambo hilo lilimfurahisha mno. Kwa muda mrefu baadaye, nikimpigia simu, alikuwa akipokea kwa kusema, "Bwana Rais anakusikiliza, sema haja yako."

Katika wote mimi nilimpenda yule wa kwanza, jemadari. Nilimpenda kama mtu anavyompenda mjomba wa mbali ambaye hajawahi kumwona. Alikuwa na watumwa shambani kwake, hilo mwalimu hakulificha, na sisi tuliotoka Unguja si watu wa kumnyooshea mtu kidole katika habari hiyo. Lakini alishika mamlaka vipindi viwili, angetaka cha tatu wangempa, na cha nne, na angekufa juu ya kiti. Akasema basi, akarudi shambani. Hakuna sheria iliyomtoa. Na waliomfuata, mmoja baada ya mmoja, wakaiga: viwili, basi. Haikuandikwa popote. Ilisimama kwa haya tu, miaka nenda miaka rudi, nchi nzima kubwa imeegemea haya ya watu wachache.

"Kama tanuri letu," nilimwambia kaka.

"Kama tanuri letu," naye akasema.

Hapo lazima nieleze. Mama yetu alituachia nyumba ya udongo katika mtaa wa zamani wa Ibra, yenye dari ya magogo ya mitende na uwanja wenye mdalimau mmoja. Tuko wanne: dada yetu mkubwa anayekaa Sur, kisha kaka, kisha mimi, kisha mdogo wetu wa kiume anayeishi Samail na kwenda kazini Maskati. Mama hakutaka nyumba igawanywe. Alisema ikae yetu sote, atakayekuja akute pa kulala, na lisiamuliwe jambo lake mpaka wote wanne tumekaa pamoja. Tukamkubalia, naye akafa na moyo wake umetulia.

Na uwanjani pana tanuri, shimo refu la kupikia shuwa. Wakati wa Idi kila nyumba ya ukoo hupaka nyama yake viungo, huifunga katika mfuko wa makuti, hutia alama yake ili isichanganyike, ikashushwa shimoni juu ya makaa, pakafunikwa kwa bati na udongo. Inakaa humo mpaka imekuwa laini hata mfupa unaona aibu. Sharti ni moja: tanuri halifunguliwi mpaka kila mwenye mfuko amefika. Ukiwa umechelewa, watu watasubiri, watanung'unika, watakusema wewe na mama mkwe wako, lakini watasubiri. Udongo wa kwanza huondolewa na mkubwa wa nyumba, na kwetu mkubwa ni Dada. Sharti hilo nalo hakuna aliyeliandika.

Halafu ikaja mvua ya tufani. Wadi, mto wetu mkavu, lilishuka kwa sauti ambayo mimi nikiisimulia huwa naongeza kwamba ng'ombe walisahau kulia, na nyumba ya mama ikapoteza ukuta mmoja na nusu ya dari. Wakaja watu wa baraza la mji wakasema itengenezwe upesi au ibomolewe. Dada yuko Sur na magoti yake, mdogo wetu yuko njiani Samail na Maskati asubuhi na jioni, mimi nina mitihani. Tukakubaliana tumpe kaka wakala, atie saini peke yake kwa niaba ya sote, hili la dharura lipite. Tulikwenda kwa mthibitishaji wa hati wote wanne, tukaandikisha, tukatoka tukala mishikaki.

Hakuna aliyeuliza mpaka lini. Yeyote katika sisi aliyetoka nyumba kama yetu ataelewa. Utamwangalia vipi ndugu yako aliyeacha duka lake akasimama juani na mafundi, umwambie, na mwisho wake lini? Ni kama kumtia pishi la mchele mkononi ukamtaka alirudishe likiwa limepimwa. Aibu. Tukanyamaza kwa heshima, na heshima yetu haikuwa na tarehe.

Tukaendelea na safari zetu za Nizwa. Kaka alikuwa sasa na vumbi la chokaa kwenye viatu, simu haikomi, mafundi, mbao, lori. Mimi namrudilia masomo.

"Yupo mmoja," nilimweleza, "yeye alikuwa msemaji mkubwa wa kwamba rais asifanye lisiloandikwa katika katiba. Herufi kwa herufi. Basi Wafaransa wakataka kuuza nchi, nchi nzima, yenye mto mkubwa katikati, ukubwa wake kama nchi waliyonayo. Katiba imesema rais anaweza kununua nchi? Haikusema. Yeye mwenyewe akakiri kwamba haikusema. Akafikiri aibadilishe kwanza katiba. Halafu akaogopa Wafaransa watabadilisha mawazo, akanunua."

"Alifanya vizuri."

"Ngoja. Ndio mwanzo wa—"

"Mwanzo wa nini? Nchi ile leo wangeirudisha?"

"Hawairudishi."

"Basi alifanya vizuri."

Wiki nyingine nilimletea yule mrefu mwenye ndevu, wa vita vyao wenyewe kwa wenyewe, aliyefunga watu bila kuwafikisha kwa kadhi. Jaji wao mkubwa akasema hayo ni ya Bunge kuamua, si ya rais. Rais akaendelea. Nchi inaungua, ndiyo maana ya maneno yake, sheria moja niilinde halafu zote zipotee? Na Bunge likaja baadaye, likabariki. Kaka alipunguza mwendo ili asikilize vizuri.

"Baadaye likabariki," alirudia.

"Ndiyo."

"Ukifanya kazi nzuri, watabariki baadaye."

Mimi nilikuwa nacheka, maana jinsi nilivyosimulia, yule mrefu alikuwa anagonga kichwa kwenye kila mlango wa Ikulu. Hayo ya mlango nilitia mimi. Mwalimu hakuyasema.

Nikamletea yule wa kiti cha magurudumu, aliyeshika nchi wakati watu hawana chakula na halafu wakati wa vita vikuu, akachaguliwa mara nne, akavunja ile desturi ya jemadari wangu. Hapo ndipo wakaona lazima waiandike: vipindi viwili, kwa sheria. Niliona uchungu kweli, sikufanya mzaha. Nilimwambia kaka, desturi ikishaandikwa ujue haya yake imeondoka. Akasema, "Lakini aliwalisha?" Nikasema aliwalisha. Akasema, "Basi."

Nikamletea vita. Katiba yao inasema ni Bunge litakalotangaza vita, na tangu vile vikuu halijatangaza rasmi hata kimoja, na huku vita vimepiganwa, vikubwa, vya miaka. Bunge lilichoka likatunga sheria ya kumzuia rais, aripoti, asipopewa ruhusa awarudishe askari baada ya muda. Marais wakaisoma, wakaikunja, wengi wao wakasema haiwafungi. Nikamletea yule aliyejirekodi kwa sauti yake mwenyewe akificha uovu wa watu wake, mahakama ikamlazimisha atoe kanda, akajiuzulu. Siku hiyo nilishangilia hata kaka akafunga dirisha. Nilidhani hapo hadithi imegeuka, jemadari wangu amepata wajukuu wenye haya.

Wiki iliyofuata mwalimu akatuletea dharura, na hapo nikavunjika.

"Rais akitangaza dharura," nilimweleza kaka karibu na Izki, "anapata mamlaka ambayo siku za kawaida hana. Bunge lilisema sawa, lakini sisi tukitaka kuimaliza tutapiga kura tu, imekwisha. Mahakama ikaja ikasema hapana, kura hiyo lazima ipelekwe kwa rais aitie saini kama sheria nyingine. Asipotaka, watafute thuluthi mbili. Unaona? Kumnyang'anya rais dharura yake inatakiwa saini ya rais."

Kaka alicheka mpaka akasogeza gari kando.

"Ziko dharura," nikaendelea, "zinahuishwa kila mwaka, waliozitangaza wamekwisha kufa. Na miaka hii ya karibuni mahakama hiyohiyo imesema rais hashitakiwi kwa mambo aliyoyafanya kwa mamlaka ya kazi yake yenyewe. Yule waliyemketisha penye viatu, kaka. Sasa majlisi yote ni yake."

"Kwa sababu wengine walimwachia," alisema, akifuta machozi ya kicheko. "Bunge lilikuwa wapi?"

Swali hilo nikalipeleka darasani. Mwalimu, tulipomwuliza, alitazama dirisha.

Dari ya nyumba ya mama ilikwisha. Ilikwisha vizuri, lazima niseme haki. Magogo mapya, ukuta umepakwa udongo kwa mkono, mdalimau umenusurika. Tulimsifu. Halafu akabadilisha mlango wa nje, akatia kufuli lake, ufunguo mmoja. "Kwa ajili ya vifaa vya mafundi," alisema. Mafundi wakaondoka, kufuli likabaki. Halafu akaweka vyoo vya kisasa, halafu viyoyozi kila chumba, halafu vitanda. Mdogo wetu wa Samail alikuja akalala usiku mmoja akasema ni kama hoteli. Mimi nilikuwa nimeketi karibu naye, nikacheka.

Idi iliyofuata, Dada alikuwa hajafika Ibra tangu siku ile ya wakala. Mimi na mume wangu tuliushusha mfuko wake tanurini pamoja na wetu, kisha tukaenda Sur kumchukua. Dada yetu alizaliwa Unguja mjini, akaletwa huku msichana mkubwa, na Kiswahili chake ni kile cha zamani, kimenyooka kama kanga iliyopigwa pasi. Chetu sisi, mbele yake, kinachechemea na Kiarabu kinakishika mkono. Siku ya kufungua tanuri tulitoka asubuhi. Kaka alikuwa amepiga simu.

"Msikimbie," aliniambia. "Tunafungua baada ya Alasiri. Magoti ya Dada yasitikiswe."

Tukaenda taratibu. Dada nyuma, miguu juu ya mto, ananisahihisha maneno. Tulifika Ibra Adhuhuri imetoka kuadhiniwa, na kabla ya kufika kwenye nyumba, harufu ya shuwa ilikuwa imeshatupokea barabarani. Mume wangu alinitazama. Harufu hiyo haitoki chini ya udongo.

Mlango ulikuwa wazi. Uwanjani yametandikwa mazulia mapya, na juu yake wamekaa wageni, Wazungu na watu wawili wa Maskati wenye viatu vinavyong'aa, wengine wanapiga picha shimo. Bati limeegemezwa ukutani. Mifuko ya makuti imekwisha kutolewa, iko kwenye sinia kubwa, mingine imefunguliwa. Mdogo wetu wa Samail yuko pale na mkewe, midomo inang'aa mafuta.

Kaka alikuja haraka, akambusu Dada kichwani.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Nani kafungua?"

"Mimi, Dada. Wageni wanaondoka kwenda Ras al Jinz kutazama kasa, wana saa yao, hawakuweza kusubiri."

"Na sisi tuliweza?"

"Dada, ingia ukae kwenye baridi, nikuletee—"

"Mfuko wangu uko wapi?"

Alama ya Dada ni duara la waya wa shaba. Duara lilikuwa ukingoni mwa sinia, peke yake. Nyama yake walikuwa wanaila watu wa viatu vinavyong'aa, na mmoja wao, mtu wa adabu, hakujua neno tunalosema, alituinulia mkono kutukaribisha.

"Ya kwako ndiyo iliyoiva vizuri kupita zote," kaka alisema, na nadhani alikusudia kumsifu.

Nilimvuta kando, chini ya mdalimau. Nilimwuliza wale wa Maskati ni nani. Akaniambia bila kuona taabu, kama mtu anayeeleza bei ya feni. Nyumba itakuwa nuzuli, hoteli ndogo ya wageni, wale ndio watakaoiendesha kwa miaka mingi, baada ya Idi anatia saini. Kila ndugu atapata fungu lake. Mdogo wetu anajua, ameridhika. Sisi ndio ilikuwa bado kutwambia.

"Mama alisema mpaka tukae wanne," nilimwambia.

"Ningekaa na nani? Dada magoti, wewe mitihani. Mungekaa mukabishana, hawa wangekwenda kuchukua nyumba ya jirani." Akanisogelea, akatabasamu, lile tabasamu la njia ya Nizwa. "Si wewe mwenyewe uliyenisomesha? Yule aliyeinunua nchi ya mto. Katiba haikusema, akaona nafasi inampita, akanunua. Leo nani anamlaumu? Mutabariki baadaye."

Nilimwacha hapo, nikarudi kwa Dada.

Dada hakuketi. Hakula tende, hakugusa kahawa. Alisimama na fimbo yake mbele ya shimo lile, akaangalia chini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nipelekeni Sur." Tulikuwa ndiyo kwanza tunatoka Sur. Mdogo wetu alinyanyuka, akasema, "Dada, si jambo kubwa, kaka kafanya kazi nzuri, angalia nyumba ilivyokuwa." Dada akamwambia, "Nimeiangalia. Endelea kula, mwanangu, itapoa."

Sikumrudisha Sur siku hiyo. Alilala kwangu, na usingizi hakuupata, wala mimi. Nilikuwa nahesabu kwa akili yangu ya chuo: wakala tuliutoa wanne, mdogo wetu hatatutazama, kaka hatakubali. Kumnyang'anya dharura inatakiwa saini yake. Nilikuwa na hakika kabisa. Ndivyo nilivyosoma.

Ofisi zilipofunguliwa baada ya Idi, Dada akanivuta tukaulize. Yule mthibitishaji, kijana mwenye kilemba kilichofungwa kwa rula, alitusikiliza. Akasema, kila aliyetoa wakala anaweza kuuondoa wa kwake. Peke yake. Hahitaji kumwomba ruhusa aliyepewa.

"Peke yake?" niliuliza.

"Wewe ni mwenye mali, shangazi."

"Na yeye akikataa?"

"Anakataa nini? Ulikuwa mkono wako. Unauchukua."

Ilichukua muda mfupi kuliko foleni ya mkate. Dada alitia saini, nikatia saini, na sehemu zetu mbili zikatoka mkononi mwa kaka, kwa hiyo nyumba haikuweza tena kuandikishiwa mtu bila sisi. Nilitoka nje nikasimama juani. Nchi kubwa kama ile imeshindwa, na sisi kina mama wawili, mmoja na fimbo, tumemaliza kabla ya Adhuhuri. Nilitaka kucheka. Nilikuwa nimeshapanga hata namna nitakavyomsimulia mtu, na mtu niliyekuwa nampangia, njiani kwenda Nizwa, ni kaka.

Alikuja kwangu jioni ile. Hakuzima gari. Nilikuwa nimetoka na dala, birika la kahawa, na kikombe, kama ilivyo kawaida yetu, nikasimama kwenye kizingiti.

"Ungeniambia kwanza," alisema.

"Na wewe ungetwambia kwanza."

"Mimi ni ndugu yako, unanifutia wakala kwa mthibitishaji kama mwizi. Watu wa Maskati nimewaambia nini? Nimewaambia dada zangu hawaniamini." Alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa. "Umenisaliti."

"Ulifungua tanuri, kaka. Ulimwambia Alasiri."

Kisha akasema jambo ambalo sijaweza kulitoa kichwani. Alisema, "Mwaka mzima unanipa habari za watu walioamua. Mtu anaamua, watu wanapiga kelele, halafu inaonekana alikuwa mkubwa. Nilidhani unanisemea mimi. Nilidhani unaniona."

"Nilikuwa nakuonya."

"Ulikuwa unacheka," alisema. "Kila safari ulikuwa unacheka."

Nilimwambia ingia unywe kahawa. Katika maisha yangu yote hajawahi kuufikia mlango wangu akaondoka bila kahawa, hata siku za haraka hunywa amesimama. Alitikisa kichwa. "Ningejua," alisema, "nisingekupeleka kusoma." Akarudisha gari nyuma taratibu, kwa uangalifu, kwa sababu ya maua yangu.

Muhula wa mwisho nilikwenda Nizwa kwa gari la mwanafunzi mwenzangu wa Mudhaibi, mwanamke mkimya anayependa redio. Sikuwa na wa kumrudilia masomo, lakini nilifaulu, na hapa sitii chumvi: nilifaulu wastani. Shahada iko chumbani, ndani ya kabati, sijaitundika. Mdogo wetu wa Samail hapokei simu zangu, anasema nimemharibia. Wale wa Maskati walichukua nyumba ya jirani, kama kaka alivyosema, na sasa inapendeza, ina taa za udongo na wageni.

Ya mama imefungwa. Kufuli ni la kaka, ufunguo anao yeye, na saini tunazo sisi. Yeye hawezi kutia saini bila sisi, na sisi hatujakwenda kumwomba ufunguo. Idi iliyopita kila mmoja alipika kwake, kwenye jiko la gesi. Niliipeleka nyama Sur, Dada akaonja, akasema imeiva. Akaniuliza kaka yako hajambo? Nikamwambia nasikia hajambo.